Mhadhara Kuhusu Bunduki Iliyonisingizia

Ndugu wahudhuriaji, kaeni. Nyie mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Bunduki hii mezani haina risasi. Nimeikagua mwenyewe, kisha Mzee akaikagua tena baada yangu, na hilo nimelisamehe kwa kuwa ndiye mwenye mali.

Mlitangaziwa mtaalamu, na mtaalamu ndiye huyu. Cheti sina, kwa sababu hadi leo hajatokea mwenye ubavu wa kunitahini. Nimeishi na bunduki miaka ishirini na miwili, kumi na tisa kati yake nikizisoma tu, maana kibali cha kumiliki kilichelewa. Ucheleweshaji huo ulinisaidia sana. Mwenye bunduki hukosa muda wa kufikiri.

Mada yetu: raifo kuukuu ya mawindo, ile ya kuinua komeo, kulivuta nyuma na kulisukuma mbele, utajuaje kama bado ina shabaha kabla hujatoa fedha? Mfano mnao. Hii ni Brno ZKK 602, ya .375, kazi ya mafundi wa Uherský Brod katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Nchi ile iligawanyika kuwa nchi mbili tarehe 1 Januari 1993, bunduki yake haijagawanyika popote. Andikeni, hiyo ni hoja ya kwanza. Risasi yake nayo ilibuniwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na kichwa chake cha kawaida kina gramu 19 na ushee, kikitoka mdomoni kwa mwendo unaozidi mita 700 kwa sekunde. Sheria ya maumbile inadai kwamba kinachokwenda mbele kwa nguvu hiyo kirudishe kitu nyuma, na kitu hicho ni bega lako. Ni kama kuegemea daladala halafu dereva akaweka rivasi.

Mwenye mali ni huyu Mzee, bwana nyama mstaafu. Aliajiriwa mwaka 1978, mwaka ule uwindaji uliporuhusiwa tena hapa Tanzania baada ya kufungwa tangu 1973. Anataka kuiuza. Mnunuzi ni huyu kijana wa Arusha, naye kanialika nimwambie kama bunduki inapiga sawasawa au inapiga tu. Shikamoo tena, Mzee. Utaongea mwishoni, muda ukitosha.

Tuanze na mtutu. Mjinga huuchungulia kutokea mdomoni. Sisi tunachomoa komeo kabisa, tunaelekeza mdomo penye mwanga, tunachungulia kutokea nyuma. Humo ndani mna mifereji inayozunguka, ndiyo inayoizungusha risasi ili isiyumbe angani. Mifereji ikiwa na kingo kali, vizuri. Ikiwa imelainika kama sabuni ya wiki mbili, ondoka bila kuaga. Lakini msikae mkitazama katikati, maana katikati ya mtutu hudumu. Panapokufa mapema ni miisho yake.

Mwisho wa kwanza ni pale risasi inapoachana na ganda lake na kuingia kwenye mifereji. Moto wa baruti hupaunguza mahali hapo kila mlipuko, na ukiingiza kamera ndogo utaona chuma kimepasukapasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa Oktoba. Mimi kamera sina. Ninanusa. Nimenusa mtutu huu dakika nne nzima mbele ya mashahidi, na nathibitisha unanuka mafuta.

Mwisho wa pili ni mdomo wenyewe, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa ni kweli hata nikisema mimi. Mdomo ndio mahali pa mwisho panapoigusa risasi. Ukiwa na kovu upande mmoja, hewa ya baruti huwahi kutokea upande huo na kukisukuma kitako cha risasi pembeni wakati inaaga, nayo huondoka ikiwa imekwaruzika roho. Na nani hutia kovu hilo? Mara nyingi si adui, ni mwenye bunduki mwenye bidii, anayesafisha kwa kuingizia ufito wa chuma mdomoni, kila Jumapili, miaka thelathini, hadi mviringo unakuwa yai. Chukua kipande cha pamba, kizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani. Nyuzi zikinasa, pana kasoro. Nilipojaribu hapa hazikunasa. Nikarudia, hazikunasa. Nikaamua pamba ilikuwa mbovu.

Tukapitisha kitambaa chenye dawa ya amonia, ile inayoyeyusha shaba inayoachwa na maganda ya vichwa vya risasi. Kitambaa kikirudi na rangi ya buluu, mtutu una uchafu wa miaka, na bunduki nyingi zilizoitwa zee zilikuwa chafu tu. Kwa faida ya wanunuzi, jueni hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote: unanunua kwa bei ya mgonjwa, unaiogesha, inapona. Cha Mzee kilirudi cheupe. Nikamuuliza husafisha lini. Akajibu, "Nikimaliza." Mnaona? Hana hata ratiba.

Sasa mbao. Kitako hiki ni cha mjozi, na mbao ni kiumbe. Masika hunywa maji, kiangazi huyatoa, na katika kunywa na kutoa huko hupinda na kuukandamiza mtutu upande mmoja. Bunduki iliyopiga katikati Machi ikapiga kushoto Agosti haijarogwa, imelegea mbao au skurubu za chini. Wataalamu wengi hupitisha karatasi kati ya mtutu na mbao waone panapogusana. Mimi, kwa heshima ya hadhira, nilipitisha noti ya elfu kumi. Ilipita nusu. Hadi sasa imo humo, na nimeambiwa kuitoa ni kufungua bunduki ambayo si yangu.

Haya. Tukaenda uwanjani, kibali mkononi na msimamizi pembeni, mita 100, mifuko ya mchanga chini ya bunduki, mimi nyuma yake. Nikalenga. Nikavuta pumzi kama vitabu vinavyoagiza. Kizuizi cha usalama nikakisukuma mbele, kama kwenye bunduki zote za watu wenye akili, nikavuta triga.

Kimya.

Nikavuta zaidi. Kimya. Nikainuka, nikatangaza mbele ya hadhira kwamba mtambo wa kufyatulia umekufa, bei ishuke nusu. Mzee akaja taratibu, mikono nyuma, akasema kwenye Brno za zamani kama hii mambo ni kinyume: mbele ni kufunga, nyuma ni kufungua. Kumbe nilikuwa nimeifunga. Kosa la kiwanda, bila shaka.

Lakini kuna watu hawana staha. Binti mmoja wa chuo, anayesomea takwimu, alikuwa akirekodi kwa simu. Akairudisha video mbele ya wote. Bunduki haikulia, sawa, lakini mdomo wa mtutu uliinama ghafla kama mbuzi anayekunywa maji, na macho yangu yalikuwa yamefumba. Mara zote mbili. Vicheko! Ndugu zangu, kile mlichokiona kinaitwa kuisindikiza risasi, ni mbinu ya juu. Binti akasema kwao kinaitwa kuogopa kishindo, na kwamba risasi isiyokuwepo ndiyo inayokiumbua, kwa kuwa siku bunduki inapolia, mshtuko wake huficha mshtuko wako. Akaongeza kwamba walimu wa shabaha huchanganya kwa makusudi risasi bandia na za kweli ili mpigaji asijue ipi inakuja. Nilimwambia akae.

Nikarudisha kizuizi nyuma. Nikapiga tatu. Mbili zilikaribiana, Mwenyezi Mungu shahidi, na ya tatu ikaenda shubiri moja chini kushoto. Hapa ndipo elimu ya kweli huanza, kwa maana mtu wa kawaida angesema kundi la risasi hizi ni pana. Mtaalamu huuliza kwanza ni risasi zipi zinastahili kuitwa kundi. Ya tatu nikaiondoa, kwa sababu haikupigwa na bunduki hii kwa moyo mmoja. Zilizobaki zilikuwa na sentimita 2 kati yake. Wenzetu hupima kwa dakika ya nyuzi, na dakika moja kwa mita 100 ni takriban sentimita 2.9. Kwa hiyo tuko chini ya dakika! Nilipiga picha ya matundu mawili, kidole gumba nikakiweka juu ya la tatu.

Binti hakukaa. Alisema kundi la risasi tatu hudanganya hata likihesabiwa lote, kwa kuwa kadiri unavyopiga ndivyo tundu la mbali linavyopata nafasi ya kutokea. Bunduki ileile, mkono uleule, ukipiga 5 tarajia kundi liwe pana kwa kama robo zaidi ya lile la 3, na ukipiga 10, zaidi ya nusu. Anayetaka kuisifu bunduki hupiga tatu, anayetaka kuijua hupiga kumi. Nikamwuliza kama anajua bei ya risasi ya .375. Alinyamaza, na hadhira ikaelewa nani kashinda.

Kijana wa Arusha akamgeukia Mzee. Nilisema angeongea mwishoni, lakini hakuongea hata hivyo. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na matundu kumi, na kando ya kila moja tarehe kwa kalamu ya risasi. Asubuhi kumi, risasi moja kila asubuhi, mtutu ukiwa baridi, umelazwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, hatua sabini. Karatasi ni ileile asubuhi zote. Kisahani cha chai kiliyafunika matundu yote na kikabaki.

Nilipinga papo hapo. Kwanza hapakuwa na mifuko ya mchanga. Pili, hatua si kipimo. Tatu, ni nani hupiga risasi moja na kwenda kunywa chai? "Nyati hakupi ya tano mtutu ukiwa umeshika moto," Mzee akasema. "Ya kwanza ndiyo yako." Nikamkumbusha kwamba Bell, yule mwindaji wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa raifo ndogo ya milimita 7, na kwamba mimi na Bell tuna mtazamo mmoja. Mzee akauliza kama Bell alikuwa akifumba macho.

Basi uamuzi wangu, wa kitaalamu na wa mwisho: bunduki hii ina tabia ya kumdhalilisha mtu mbele ya wageni, na kwa hiyo inafaa kununuliwa kwa theluthi ya bei. Kijana amekwishamlipa Mzee bei nzima, nje, nikiwa bado natafuta kipimo changu. Binti anamwandikia karatasi mpya, ameshachora mistari ya tarehe.

Fomu ya mahudhurio ipite, jina na sahihi. Posho ya mhadhiri nilikuwa nimeambiwa ni elfu kumi, na Mzee anasema imeshalipwa, iko ndani ya bunduki.