Sifa za Mkweche

Baharia wa Unguja anajua sifa za aina mbili: maneno ya kumtukuza mtu, na mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao za chombo ili bahari isizile. Za kwanza hunukia, za pili hunuka. Anayetaka kulisifu gari kuukuu linalotengenezwa na mwenyewe, kwa spana mbili na bisibisi ya kuazima, hana budi kuwa na zote. Maana mkweche ni chombo, na pwani hii haijapata kuona chombo kilichokwisha kuundwa. Jahazi hupandishwa ufukweni, likakalafatiwa kwa pamba, likapakwa deheni ya chokaa na shahamu, kisha likarudi majini kungoja kuvuja upya. Hata nyumba za Mji Mkongwe, pamoja na heshima ya kutiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zinasimama kwa lipu ya chokaa inayorudiwa na boriti zinazobadilishwa. Waliopaka saruji wakidhani wamepumzika wamefungia unyevu ndani ya ukuta. Katika kisiwa kama hiki, mwenye kushangaza si yule aliyelala chini ya gari lake siku ya Jumapili. Wa kushangaza ni anayedhani kuna kitu alichokinunua kikiwa kimekamilika.

Tuanze na kutu, maana ndiyo inayotukanwa zaidi. Upepo hubeba chumvi kutoka baharini, chumvi huvuta unyevu, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, kwa hiyo chuma huoza upesi. Kutu nayo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi ya mlango hufura kama andazi, na ndiyo sababu nati hukwama. Je, kuna skuli ya subira iliyo rahisi kuliko nati iliyokwama? Hutiwa mafuta ya taa, ikagongwagongwa, ikaachwa ilale, ikaulizwa tena kesho. Mwenye hasira huvunja bolti yake na kubaki na kipande ndani. Na zaidi ya subira, mkweche una fadhila ambayo gari jipya halina: hausemi uongo. Ukitoa moshi wa buluu, unaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, maji yanaingia pasipo pao, na gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Moshi mweusi, petroli imezidi hewa. Ukikata kona ukalia ta-ta-ta, joini za tairi za mbele zinaaga. Gari jipya likiumwa huwasha kitaa cha njano na kunyamaza, kama karani anayekwambia urudi Jumatatu, mpaka atafutwe mtu mwenye kompyuta ya kulihoji.

Wapo watakaosema kwamba ufundi wa nyumbani ni ubabaishaji. Tangi la petroli likivuja, mtu hulisugua kwa sabuni ya mche. Rejeta ikitoboka, humimina pilipili manga ya unga. Lakini sabuni haiyeyuki kwenye petroli, na chembe za pilipili hukusanyika kwenye tundu zikaliziba. Ni kweli kwamba chembe hizohizo huziba na mishipa mizima ya rejeta, lakini dawa hiyo ni ya kumfikisha mtu mjini kutoka Makunduchi, si ya kuoana nayo. Wengine huhesabu saa zilizopotea na kuonyesha kwamba fundi angekuwa rahisi zaidi. Hesabu yao imesahau vichochoro. Gari haliingii kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa hiyo la mkaazi hulala pembezoni, Malindi au Vuga, mbele ya macho ya watu, na boneti ikifunguliwa tu, baraza limekwisha kuwekwa. Kila mpita njia ana utambuzi wake wa maradhi, mmoja analaumu plagi, mwingine betri, wa tatu anamlaumu aliyeliuza, na wote watatu watasukuma. Kujitengenezea mwenyewe, hapa, ni jina tu.

Nakubali mawili. Breki na usukani apewe fundi, kwa sababu wanaovuka barabara pale Darajani hawakuomba kuwa sehemu ya majaribio. Na oili chafu isimwagwe chini: Unguja haina mito mikubwa, inakunywa maji yanayopita kwenye mawe yenye vitundu kama sifongo, na hapo sina mzaha wa kujibu, ila dumu lenye kifuniko. Pingamizi la mwisho ni dogo, lakini ndilo linalosemwa kwa kicheko kuliko yote: kila mwenye mkweche akimaliza kufunga, bolti moja hubaki mkononi. Sawa, na ibaki. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani hii, ilishonwa kwa kamba za makumbi, haikuwa na msumari hata mmoja, na ilifanya biashara pwani nzima.