Mkimbiaji Asiyewasha Jiko

Hongera kwa ndugu zetu walioapa kutotia kinywani kitu kilichopita motoni, kisha wakajiandikisha marathoni. Hesabu yao nyepesi: mtu wa kilo 65 akikimbia kilomita 42.195 huchoma takriban kilokalori 2,700. Ndizi mbivu moja hutoa kama 100. Basi ni ndizi 27 tu, pamoja na nyuzinyuzi zake, ambazo nazo zina haraka zao. Ukimkosa bwana huyu barabarani kilomita ya 30, mwangalie kichakani. Huko kasi yake haina mpinzani.

Kule Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, habari hizi hazijawafikia wakimbiaji. Wanasonga ugali, wanachemsha chai ya maziwa na sukari ya kutosha, wanakwenda kushinda. Eliud Kipchoge, mla ugali anayejulikana, alimaliza masafa hayo Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Maskini! Angejua alivyoviunguza vimeng'enya vya sukuma wiki, ambavyo ndugu zetu hawataki vipite motoni, angepunguza mwendo kwa aibu.

Tende zingewafaa ndugu zetu wasiowasha jiko: tamu, hazipikwi, zinaingia mfukoni. Lakini tende hata bibi zetu walizila. Sasa mtu atajigamba na nini?