Siri ya Tatu

Nilichaguliwa mhazini wa kicheni pati ya binti wa shangazi kwa sababu moja tu: kwenye kikao cha kwanza nilitoka nje kupokea simu. Niliporudi nikakuta wananipigia makofi.

Uhazini, hapa Dar es Salaam, ni kazi ya kupoteza ndugu. Mtu ameahidi laki moja mbele za watu, sambusa ya kikao ingali mdomoni, mpigie baada ya wiki mbili, atakuuliza, "Ahadi ipi, dada?" Wengine wakiona namba yangu walimpa mtoto apokee. Mmoja alinizoea kabisa. Akisikia sauti yangu tu: "Shikamoo, Mama Mchango."

Sare tulichagua kitenge cha kijani. Muuzaji pale Kariakoo aliapa kwamba hakichuji, na kwenye maji hakikuchuja kweli. Kilichuja kwenye jasho. Ukumbi wenyewe feni mbili, mwezi wenyewe Februari. Mpaka mduara wa pili umalizike, shangazi zangu wote walikuwa na kwapa za rangi ya mchicha.

Kadi iliandikwa saa kumi kamili. Saa kumi kamili tulikuwapo mimi, mpishi na paka wa ukumbi. Wageni walijaa saa moja usiku, na kila mmoja akailaumu foleni.

Zawadi sasa. Kwa desturi, anayetoa chombo humweleza mwali matumizi yake. Nilitoa brenda, chombo ambacho kwangu kimekaa juu ya kabati tangu nilipoolewa, nikaisifia dakika tano kama niliyeiunda mwenyewe. Hotipoti zilifika kumi na saba. Sufuria, hata moja. Mdogo wangu aliingia kwenye ndoa akiwa na kila kitu cha kuhifadhia chakula kikiwa moto, ila cha kukipikia hana.

Ndipo akasimama somo, bibi yetu wa Kisarawe. Zamani kwao Uzaramo mwali aliwekwa ndani miezi na miezi akifundwa. Sisi tulikuwa tumebakiza dakika arobaini kabla ya mwenye ukumbi kuanza kutudai nyongeza. Bibi akashika maiki, akatazama huku na huku, akamwona DJ.

"Huyu mwanamume anafanya nini humu?"

DJ akatolewa nje. Bibi akakohoa, akasema ana siri tatu za kumkabidhi mwali, na zisitoke nje ya kuta hizi. Ya kwanza aliitoa, mama mmoja wa kanisani akajifunika uso kwa mtandio. Ya pili ilituinua vitini kwa vigelegele. Alipofungua kinywa kwa ya tatu, umeme ukakatika. Bibi wala hakujali. Tulimzunguka na tochi za simu, akaisema kwa sauti ya chini, na sitaiandika hapa.

Jambo ambalo kamati nzima, vikao saba, haikulifikiria ni spika ya nje. DJ aliifunga getini ili wageni wasipotee njia, na wa kuizima alikuwa yeye peke yake, tuliyemfukuza. Nilipotoka nilimkuta ameketi mstari wa mbele, pamoja na madereva wa bajaji, vijana wa bodaboda na muuza mishikaki aliyeacha jiko lake lizimike. Viti walivyokalia ni vyetu, vya kukodi.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa kimya kama wanafunzi waliozimiwa taa katikati ya mtihani.

Nikapanda bajaji. Tulienda kitambo, dereva akanitazama kwenye kioo.

"Samahani, dada. Ile ya tatu ilikuwa ipi?"

"Lipa mchango kwanza," nikamwambia.

Akaegesha pembeni, akatoa elfu mbili taslimu. Ndiye mchangiaji pekee ambaye sikumpigia simu.