Mkoba wa Fimbo

Bingwa wa pool wa siku hizi haji na fimbo. Huja na mkoba mzima. Moja ya kufungulia mchezo, moja fupi ya kurushia mpira mweupe, na ya kuchezea yenyewe, ya nyuzi za kaboni, kama ya Shane Van Boening wa Marekani. Haya, yeye anazitumia. Ila Efren Reyes wa Ufilipino, waliyemwita Mchawi, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999 kwa fimbo ya mbao. Lakini fundi wetu wa mtaani, anayekosa mpira uliokaa mdomoni mwa shimo, kashaagiza kaboni. Eti mbao hupinda. Imefika, haipindi, sasa nasikia meza ndiyo imeinama kidogo.