Eti Nimepungukiwa Mti

Jirani, sogea kidogo nikwambie. Mtu anaweza kupungukiwa na nini dunia hii? Hela, sawa. Usingizi, sawa. Nywele, si unakiona kichwa changu. Mimi nimeambiwa nimepungukiwa mti. Mti! Na nimetoa hela yangu mwenyewe ili niambiwe hivyo.

Nipo Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako ukipiga chafya kwa Kiswahili hukosi wa kukuombea afya. Nanunua mabegi, napakia, natuma Kariakoo. Biashara ya kawaida, hasara za kawaida. Tatizo ni kwamba wauzaji jina langu halikai midomoni mwao. Kuna siku nikachungulia simu ya mmoja wao nikaona nilivyohifadhiwa mle. Sikuelewa kitu. Nikaipiga picha, nikampelekea dogo mmoja wa Tanga anayesomea udaktari huku. Akanisomea: "Mweusi Mfupi Mabegi Anaomba Punguzo." Jamani, mimi si mfupi. Hayo mengine sina la kusema.

Ndipo nikaamua nitafute jina la Kichina, nichonge na muhuri, niheshimike. Nikajua ni kazi ya dakika mbili. Kwetu mtoto akizaliwa Ijumaa anaitwa Juma, watu wanakula pilau wanatawanyika. Akizaliwa kipindi kibaya anaitwa Shida, na maisha yanaendelea. Nikamwambia mama mwenye nyumba, tunamwita Ayi kama wanavyoitwa akina mama wa rika lake, kwamba naenda kuokota jina. Akaweka chini kikombe. Jina haliokotwi, linapimwa. Linapimwa na nini? Na vitu vyangu vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji.

Akanipa darasa palepale mlangoni, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Mti unalisha moto. Moto unaacha majivu, yanakuwa udongo. Udongo unazaa chuma. Chuma kinaleta maji. Maji yanaotesha mti. Hapo wanapendana. Halafu wakigombana: chuma kinakata mti, mti unapasua udongo, udongo unaziba maji, maji yanazima moto, moto unayeyusha chuma. Mtu ukizaliwa unapewa mgao wako wa hivi vitu. Kilichopungua kinajaziwa kwenye jina.

Sasa mimi ni mtoto wa Pwani, haya mambo si mageni kwangu. Kwetu unataja jina lako na la mama yako, herufi zinajumlishwa kwa hesabu za Kiarabu, unaambiwa nyota yako ni ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Vinne, basi. Hawa upepo wameutoa, wakaingiza mti na chuma. Na mama yangu hawamuulizi kabisa. Wanauliza saa.

Saa! Wanataka mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Kila kimoja kinaandikwa kwa alama mbili, jumla zinakuwa alama nane, na kila alama ina kitu chake kati ya vile vitano. Jirani, pasipoti yangu inasema nimezaliwa tarehe 1 Januari 1980. Tarehe hiyo nilipewa na mwalimu mkuu. Nusu ya darasa letu tumezaliwa siku hiyo, kijiji kizima kilikuwa leba usiku wa mwaka mpya. Saa ndiyo ninayo ya uhakika, maana bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anaisimulia: nilitoka wakati kengele ya mapumziko ya saa nne inagongwa pale shuleni.

"Braza," akaninong'oneza yule dogo wa Tanga, niliyemchukua awe mkalimani wangu, "shule gani inagonga kengele tarehe 1 Januari?"

Nikamwambia kazi yake kutafsiri, si kufikiri.

Mzee wa kwanza tuliyepelekwa na Ayi kupimiwa jina alikuwa na kimeza, chupa ya chai na simu. Nilitarajia ndevu nyeupe na moshi wa ubani, nikakutana na mtu wa shati la polo anayebonyeza programu. Akaingiza mwaka. Papo hapo nikazeeka: mwaka wao kwenye hesabu hizi haugeuki Januari, unageuka kama tarehe 4 Februari hivi, kwa hiyo mimi ni wa 1979, mwaka wa mbuzi. Akaingiza mwezi. Tarehe 1 Januari, akasema, ipo kwenye kitovu cha baridi, mwezi wa maji. Mimi! Januari ya kwetu ambayo lami inanata kwenye viatu! Akaingiza siku, nayo maji. Akauliza saa. Nikasema nne asubuhi. Akaandika nne.

Simu ikapiga kengele. Mzee akaniangalia mara ya pili, safari hii kwa heshima. Mti upo, moto upo, udongo upo, chuma kipo, maji yapo. Vyote vitano, mtu kamili. Ayi akanipiga bega. Nikakaa vizuri kwenye kigoda. Sijawahi kuwa kamili kwenye jambo lolote, hata madaftari ya shule nilikuwa napungukiwa.

Dogo akakohoa. "Samahani braza. Saa nne yetu sisi si saa kumi yao?"

Nani alimuuliza? Nani? Miaka yote hii watoto wa Tanga wanasifiwa kwa adabu! Mzee akafuta, akaandika kumi. Wao siku yao wanaigawa vipande kumi na viwili, kila kimoja cha saa mbili. Saa kumi ya alfajiri ya kwetu ni kipande cha chui milia, na kwa siku yangu kipande hicho kina mti juu na mti chini. Saa nne asubuhi ya kwetu ni kipande cha nyoka: moto juu, moto chini. Miti yangu miwili ikaondoka nikiiangalia. Hesabu mpya: moto mitatu, maji mawili, udongo miwili, chuma kimoja. Mti sifuri. Tumeazima saa za jua letu tangu enzi za mababu, jua linachomoza saa kumi na mbili, hakuna aliyewahi kudhurika. Mimi nimepoteza msitu.

Ayi akawa ananibembeleza. Akasema hata Lu Xun, mwandishi wao mkubwa, kwenye hadithi ya mwaka 1921 ambayo watoto wanaisoma shuleni, ana kijana anaitwa Runtu: alizaliwa kwenye ule mwezi wa nyongeza wa kalenda yao, akapungukiwa udongo, baba yake akamchomekea udongo kwenye jina. Nikafarijika. Tulipotoka nje dogo akanimalizia hadithi. Runtu alikua akawa mkulima fukara, kalima mpaka kachakaa. Udongo aliupata.

Mzee akanipa jina: Lin. Akaliandika mbele yangu, taratibu, kwa kalamu ya brashi. Msalaba, miguu miwili inayoteremka kushoto na kulia. Huo mti. Akarudia pembeni yake, mguu mmoja umefupishwa ili usimkanyage mwenzake. Miti miwili, msitu mdogo. Yeye anaangalia umbo tu: ukiona mti ndani ya alama, ni mti. Ukiona vitone vitatu pembeni, ni maji. Kitu kinaonekana kwa macho, hata mimi mbumbumbu nilikielewa. Nikalipa nikiwa na furaha, jambo ambalo kwangu ni dalili mbaya siku zote.

Fundi wa muhuri ndiye aliyeniharibia. Akatazama karatasi akasema shemeji yake ni mtaalamu zaidi. Kila mahali duniani kuna shemeji. Shemeji akaja, mama wa makamo na miwani ya kamba, akacheka mpaka akaivua. Anayeangalia umbo ni wa kijijini, akasema. Wataalamu wanahesabu mistari. Mistari miwili kushuka chini ni mti, mitatu na minne moto, mitano na sita udongo, saba na nane chuma, tisa na kumi maji, ukipita kumi unaangalia tarakimu ya mwisho. Akahesabu Lin yangu kwa ncha ya kucha. Moja, mbili, tatu, nne. Tano, sita, saba, nane. Chuma.

Chuma ndicho kinachokata mti! Nimenunua shoka!

Na usidhani unaweza kuhesabu mwenyewe, jirani. Nilijaribu. Vile vitone vya maji ni vitatu, mtoto wa chekechea anaona vitatu. Mama anahesabu vinne, kwa sababu umbo lake kamili la zamani lina mistari minne. Kile kialama cha majani kina mistari mitatu, yeye anahesabu sita. Anafuata kamusi ya mfalme Kangxi, ya mwaka 1716, yenye alama 47,035, na mambo ya kurahisisha maandishi waliyoyafanya miaka ya 1950 hayamhusu. Nikaitazama risiti yake nikaomba Mungu bei asiihesabu kwa mfumo huohuo. Halafu akanichorea vyumba vitano vya jina, kila chumba na namba yake, namba za bahati zinafika 81. Akasema ni elimu ya kale. Dogo akatafuta kwenye simu: hivyo vyumba vimetungwa Japani na bwana Kumasaki Kenō, miaka ya 1920. Elimu ya kale ni changa kuliko reli ya Kigoma.

Yule mama hata hivyo alinipa kitu cha maana. Akasema mti ninao, ila umefichwa. Uko ndani ya mbuzi wa mwaka wangu, mle kwenye udongo, unahitaji kuitwa utoke. Na kwamba kukosa kitu si lazima kuwe ni ugonjwa, wapo wanaokosa na wako vizuri, inategemea nguvu ya siku yako. Nikauliza: kwa hiyo naweza nisilipe? Dogo akakataa kutafsiri.

Dawa yake ikawa Sen. Miti mitatu, mmoja juu, miwili chini, mistari kumi na miwili. Tarakimu ya mwisho mbili, yaani mti. Umbo mti, hesabu mti. Nikataka kulia. Nikasema niandikieni zote, Lin iwe ya ukoo, Sen iwe yangu. Miti mitano. Nani ataniambia nimepungukiwa?

Aliniambia kijana mmoja kwenye lifti. Mpwa wa Ayi, mfanyakazi wa benki, suti kabisa. Yeye anafuata sauti. Sauti ya ulimi kama L na T ni moto, ya meno kama S ni chuma, ya midomo kama M ni maji, ya nyuma ya mdomo kama G na K ndiyo mti. Lin moto, Sen chuma. Nikahema. Nikamuuliza, haya, neno lao lenyewe la mti linatamkwaje? Mu, akasema. Maji. Lina mistari mingapi? Minne. Moto. Kwa hiyo, jirani, mti wenyewe, ule mti mama, unakuwa mti kwa mzee wa chai, moto kwa shemeji, maji kwenye lifti. Na hapo kwenye sauti nako hawaelewani: Wakorea walipoeleza herufi zao mwaka 1446 sauti za midomo waliziweka kwenye udongo. Lifti ikafika ghorofa yangu, nikatoka bila kuaga.

Watu wenye akili ni wale wa ukoo wa Zhu, waliotawala China tangu 1368. Wao hawakupima mtoto mmoja mmoja. Walipanga zamu. Kizazi kimoja majina yote yana mti, watoto wao moto, wajukuu udongo, kisha chuma, kisha maji, mnarudi kwenye mti. Zhu Di, aliyehamishia makao Beijing, ni wa mti. Zamu ikazunguka zaidi ya miaka mia mbili, hakuna mpwa wala shemeji. Ayi alinisimulia kwa fahari mpaka nikauliza wa mwisho alikuwa nani. Zhu Youjian, naye zamu ya mti. Aliishiaje? Ayi akaanza kufagia. Dogo ndiye aliyeniambia: 1644, waasi wameingia mjini, akajinyonga. Kwenye nini? Kwenye mti.

Mimi muhuri nilishachonga. Jiwe jekundu, miti mitano, nimelipa nusu. Nikaenda nao kwa muuzaji mpya wa mabegi, mzee kutoka Taiwan, nikapiga muhuri kwenye oda kwa kishindo. Akasoma. Akavaa miwani akasoma tena. Akamwita mkewe, mkewe akamwita mtoto wa stoo. Kumbe Lin Sen alikuwa mkuu wa nchi. Kweli kabisa, mwenyekiti wa serikali ya China kuanzia 1931 mpaka alipofariki 1943, miti mitano ileile. Hapo nikajinyoosha kidogo. Halafu yule mzee akaongeza, huku akifuta machozi, kwamba Taipei kuna barabara imepewa jina hilo, Linsen Kaskazini, na watu wanaijua zaidi kwa baa zake.

Punguzo sikupewa. Muhuri sibadilishi, fundi anataka nusu yake ya pili kwanza. Kwa hiyo ukipiga simu ukasikia mtu anaitikia Lin Sen, jirani, usikate ukidhani umekosea namba. Ni mimi. Mabegi yako yatapanda kontena wiki ijayo, tuma ile hela iliyobaki.