Mawingu ya Shilingi Kumi

"Saveya, mulembe. Lakini hapa kwangu usipime."

Aliyesema hivyo ni mama muuza vitunguu wa hapa Kamukuywa, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Alikuwa mbele ya kibanda chake, mikono kiunoni, kama kipa anayengoja penalti. Mimi nilikuwa nimesimamisha tripodi ukingoni mwa lami, kamera juu yake, jicho limeelekea mlimani ambako wingu lilianza kujikunja. Nikamwambia mimi si saveya, napiga picha tu. Picha ya nini? Ya mawingu, mama. Akatazama juu. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia jirani yake wa nyanya: "Ati anapiga mawingu." Jirani akaanza kuingiza makreti ndani.

Siwalaumu. Kwenye barabara hii, mtu mwenye mashine ya miguu mitatu hajawahi kuleta heri. Huja, hufumba jicho moja, huandika kitu kwenye daftari, na baada ya wiki kibanda chako kinaamka na alama ya X nyekundu. Nami, kwa bahati yangu, nilikuwa nimefunga kioo chekundu mbele ya lenzi, utadhani rangi ya hizo X natembea nayo.

Kamera na kioo hicho niliachiwa na khocha wangu, yaani mjomba. Miaka ya 1980 alikuwa na studio mjini Kitale, zile za pazia lililochorwa bahari na mnazi, ambapo wakulima wa mahindi walipigwa picha wakiwa wameegemea bahari ambayo hawajawahi kuinusa. Picha za rangi zilipoenea, yeye aliendelea na msimamo wake: "Rangi ni ya harusi. Mvua ni ya nyeusi na nyeupe." Nilidhani anatetea filamu zilizokwama kabatini. Baadaye nilijaribu kwa simu kupiga dhoruba ikishuka kutoka Masaba, huo mlima ambao vitabu vinauita Elgon, na nikamwelewa. Kijani cha mahindi kinapiga kelele, mabati mekundu yanapiga kelele, bango la sabuni nalo halijanyamaza, na wingu lenyewe linabaki kama blanketi la bweni. Ondoa rangi, wingu linaota mifupa.

Kazi ya kioo chekundu ni kuzuia mwanga wa bluu. Bluu ya anga hutoka karibu nyeusi, na wingu jeupe husimama mbele yake kama shati la kwaya. Mwaka 1927 Mmarekani Ansel Adams alipanda milima ya Yosemite, akajikuta amebakiwa na sahani mbili tu za kupigia jabali la Half Dome. Ya kwanza aliipiga kwa kioo cha manjano, moyo ukakataa. Ya mwisho akaweka kioo chekundu, mbingu ikawa kiza, naye akapata jina. Khocha hakumjua Adams, ila alijua hila hiyohiyo na masharti yake. Kwanza, kioo chenyewe ni mlevi wa mwanga: kinakuachia kama thumni moja tu. Pili, kinahitaji bluu ya kula. Anga ikishakuwa ya kijivu yote, unaweza kukivua ukamtengenezea mtoto miwani.

Kwa hiyo mpiga dhoruba ana kama nusu saa. Hapa kwetu asubuhi mlima huwa umejianika wote, mita 4,321 hadi kilele cha Wagagai upande wa Uganda. Jua linachemsha mabonde, unyevu unapanda, na kufikia saa nane au tisa mlima umeshavaa kofia. Kisha inafika ile nusu saa: upande wa Kimilili ni mweusi kama sufuria ya matanga, upande wa Kiminini bado ni samawati. Tatizo ni kwamba nusu saa hiyo ndiyo ileile ambayo Kamukuywa nzima ina shughuli, na mtu aliyesimama akitazama juu anaonekana kuliko kanisa.

(Agosti ya mwaka shufwa ndiyo mbaya zaidi. Ndiyo msimu wa tohara ya Kibukusu, na kila mwenye kamera ni mpiga picha wa sherehe, atake asitake. Mwaka 2022 nilitoka kuwinda mawingu nikarudi na arubuni ya shilingi mia tano, nimempiga kijana akitoka mtoni amepakwa matope mwili mzima. Nilipopeleka picha, mama yake aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole matope ni yapi na mtoto ni yupi.)

Sasa Jumamosi yenyewe, ile ya mama wa vitunguu. Ilikuwa Novemba 2023, El Niño imechachamaa, na mahindi ya msimu yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara kutoka darajani hadi unapochoka kutazama. Asiyelima hawezi kujua uchungu wa wingu wakati huo. Mahindi yanatakiwa yakauke hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Wenye maghala wana mashine ya kupimia. Madalali wana meno. Dalali huchukua punje, huiweka kwenye gego, huuma huku amefumba macho kama anayeomba. Ikilia "ka!" mnazungumza bei. Ikikunjika kimya, anaitema na kuanza kusifu watoto wako, na hapo ujue gunia lako la kilo tisini limeshakuwa chakula cha kuku.

Mimi nilikuwa nimepiga picha thelathini, zimebaki sita. Filamu hizi naagiza Nairobi, na bei ya moja inashinda jogoo wa Krismasi, basi zile sita nilizitunza kama dawa. Bluu ilikuwa bado ipo. Radi ikamulika juu ya Kimilili, nikaanza kuhesabu kama khocha alivyonifundisha, sekunde tatu kwa kilomita moja: moja, mbili, tatu... Kwenye kumi na tano ngurumo ikafika. Kilomita tano! Bado nafasi tele. Nikashika kile kiwaya cha kufyatulia.

Mama wa vitunguu naye alikuwa akihesabu, ila yeye alihesabu watu. Turubai moja linataka wanne, mmoja kila pembe, na mwanawe wa kwanza alikuwa Kitale. "Mmoja, wawili, watatu..." Kidole chake kikatua kifuani pangu. "Wewe wa mawingu! Unangoja inyeshe ndiyo uipige vizuri? Kamata pembe!"

Hakuna mlezi aliyenifundisha kumkatalia mama wa rika lile. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama kumi aliyeshinda pale tangu niwasili, mikono mfukoni, akinitazama bila kupepesa. Nikampokeza kamera. "Simama chini ya mabati, isilowe. Na usibonyeze kitu." Nilisahau kwamba amenitazama saa nzima.

Kukunja turubai la mahindi si kazi ya kusimulia, ni kazi ya mgongo. Pembe zinapelekwa katikati, punje zinakimbilia upande wa aliye mnyonge (mimi), mtu anazoa kwa debe, mwingine ameshikilia mdomo wa gunia, na kuku wote wa Kamukuywa wanapata habari kwa wakati mmoja. Gunia la tatu lilipofungwa, tone la kwanza lilinipiga kisogoni, zito kama sarafu. La nne tulilifunga tukiwa tumelowa. Kiatu changu cha kushoto kilikwenda na mtaro, na nadhani kwa sasa kimeshafika Nzoia. Mama alichukua punje moja, akaiuma. Ka! Hakuniambia asante. Alinipa vitunguu vitatu.

Jumatatu usiku nikajifungia bafuni kuiosha filamu. Kuihamisha kutoka kwenye kasha lake hadi kwenye gurudumu la kuoshea kunataka giza totoro, na kwangu kuna taa ya jirani inayopenya kila mahali. Nikaning'iniza blanketi dirishani. Wakati huohuo mvua ikaanza na stima ikapotea mtaa mzima. Watu walilalamika, mimi nilishangilia. Adui amenizimia taa mwenyewe. Nikafungua kasha, nikaanza kuiviringisha filamu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemvalisha kichanga soksi. Nikahesabu mizunguko. Zilibaki picha chache ndani ya kasha.

Upepo ukaondoa blanketi.

Halafu ikaja. Bafu lote likawa jeupe. Niliona mswaki wangu. Niliona kipande cha sabuni chenye unywele juu yake. Niliona filamu mkononi mwangu, inang'aa kama utumbo wa mbuzi. Sikuwahi hata kufika kwenye moja, ngurumo ikatikisa mabati, kilomita sifuri. Miezi miwili nilikuwa nimefukuza radi kwa miguu mitatu, na yenyewe ikanifuata bafuni ikajipiga kwenye fremu thelathini kwa mkupuo.

Nilimalizia kuosha kwa uchungu tu. Filamu ikatoka nyeusi kama lami mpya, isipokuwa ncha ya mwisho, ile iliyokuwa bado imejificha ndani ya kasha. Picha sita. Sikuzikumbuka. Sikuwa nimezipiga.

Ya kwanza ni kidole. Ya pili, kuku. Ya tatu na ya nne ni kuku huyohuyo akiwa na mafanikio zaidi. Ya tano ni giza. Ya sita niliiweka juu ya mwanga wa simu nikakaa chini kwenye ndoo.

Mbingu yote imo. Kushoto, ukuta wa wingu umeshuka hadi kwenye paa, mishipa yake yote inaonekana. Kulia, ile bluu ya Kiminini imekuwa nyeusi kama khocha alivyoahidi, na kati yake umesimama mnara mmoja mweupe wa wingu usio na haya. Chini yake mama wa vitunguu amenyoosha mkono kama jemadari. Na mbele kabisa, nimeinama, shati limetoka, kiatu kimoja, nimeipa Masaba makalio, ni mimi.

Niliigeuza kwa simu, nikaipeleka kwenye saiba ya hapa sokoni. Kijana wa pale akaitazama kwenye skrini. "Wino wa rangi tunao," akaniambia kwa kunifariji. Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo. Akanionyesha bango la bei: ya rangi hamsini, nyeusi na nyeupe kumi. Nikajaribu kueleza kuhusu karatasi nzito, weusi wenye kina, Yosemite. Akatoa kwenye karatasi ileile ya barua za chifu. "Kumi."

Mama aliitazama kwa muda. "Mbona umetufanya kama watu wa tangazo la kifo?" akasema, lakini hakuirudisha. Aliibandika kwenye mlango wa kibanda, palepale ambapo watu wa X hupenda kuandika.

Yule mtoto alikuwepo, mikono mfukoni. Aliikagua kazi yake bila kushangaa.

"Jumamosi utakuja na ngapi?"

"Thelathini na sita."

Akatazama mlimani, akapiga hesabu zake.

"Sawa. Basi wewe utakuwa wa turubai."