Namna ya Kumaliza Jumapili Zako kwa Namba Moja

Wenzako Jumapili huwa mpirani au harusini. Wewe unataka shughuli isiyo na mchango wala faida, basi tafuta namba kubwa uisumbue.

Chagua iliyokwisha kutolewa kauli na mtu mzito. Mfano mzuri ni 2 kwa kipeo cha 67, kisha utoe 1. Jibu ni 147,573,952,589,676,412,927. Usitishike, ni tarakimu 21 tu. Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliitaja mwaka 1644 katika orodha yake ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Uthibitisho hakutoa. Mkubwa akishasema, nani amdai hesabu? Kauli ikadumu zaidi ya karne mbili.

Haya, kunja mikono ya shati. Mbili haigawi, namba ni witiri. Tatu: jumlisha tarakimu zote, upate 109, haigawi. Kisha punguza pupa, maana kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Umepata nafuu kubwa! Anza na 135, fuata 269, halafu 403, uendelee hivyo hivyo. Unachokitafuta ni cha 1,445,580 kwenye foleni. Agiza chai.

Chai ikipoa, jiliwaze kwa Édouard Lucas, Mfaransa mwingine, aliyeonyesha mwaka 1876 kwamba namba hiyo si tasa. Vigawo vyake je? Hakutaja hata kimoja. Kipimo chake kiliweza kusema namba inagawanyika bila kuigawa, kama mama anayejua nyama chunguni imepungua ila hajui nani kaidokoa.

Mdokozi alikuja kukamatwa na Frank Nelson Cole, profesa wa Marekani, na hapa ndipo ujifunze kuringa. Ni Oktoba 1903, New York, mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Inasimuliwa kwamba Cole alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Akahamia sehemu nyingine ya ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kwa mkono, tarakimu moja moja. Majibu yakawa yale yale. Akarudi kitini bila kutamka neno, ukumbi ukapiga makofi. Ungefanya hivyo shuleni, mwalimu angekukata alama kwa kutoonyesha njia.

Mwanahisabati Eric Temple Bell alisimulia kwamba alimuuliza Cole kazi ile ilimchukua muda gani. Jibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kama hizo unazo, karibu. Ila usije ukachagua 2 kwa kipeo cha 127 ukatoa 1. Mersenne aliitaja hiyo pia, na safari hiyo alipatia. Lucas mwenyewe aliithibitisha kuwa tasa. Vigawo vyake utavitafuta mpaka kiama.